Kaka, mtoto hakukomoi, ni masikio

Mhariri salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nafasi yenyewe finyu na mimi maneno mengi, lakini usinikate sana tafadhali.

Wiki iliyopita kuna kaka aliandika hapa hapa kwamba alipanda ndege ya Mwanza akakaa jirani na mtoto wa mwaka na kitu, mtoto akalia mpaka wanatua, akamalizia kwa kusema wenye watoto wadogo wapande basi au wawaache kwa bibi zao. Nikaisoma nikacheka, nikakasirika, nikacheka tena, manake huyo mzazi anayesemwa sio mimi ila nimeshawahi kuwa yeye. Mimi na binti yangu Tumaini, mwaka mmoja na miezi 8, wawili tu, ndege ya pangaboi, ile yenye mapanga yanayozunguka kwenye mabawa, mama yake kanyimwa ruhusa kazini na dada wa kazi kaenda kwao Singida, na huko Mwanza mzee wangu kalazwa. Ningemwacha kwa bibi yupi wakati bibi mwenyewe ndo nilikuwa namfuata?

Na hilo la basi kaka sijui kama umelifikiria. Dar mpaka Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, unatoka alfajiri unafika usiku mnene, na mtoto akilia kwenye basi hakuna anayeandika gazetini, dereva anasimama watu wanachimba dawa, mtoto anakanyaga chini, ananunuliwa muhindi wa kuchoma, mnaendelea. Ndege ni saa moja na nusu hivi lakini haina kuchimba dawa. Ndo tatizo lote hilo. Mtoto wa umri ule dawa yake ni kushuka chini atembee, sasa juu kule unamshusha wapi.

Ngoja nieleze kuhusu hicho kilio, manake naona watu wengi hawajui, na mimi nilikuwa sijui mpaka daktari wa kliniki aliponielekeza. Ndani ya ndege hewa haiwi kama ya huku chini, inawekwa iwe kama uko mlimani, mita 1,800 mpaka 2,400 hivi, yaani ni kama umekaa Njombe. Sasa ndege ikianza kushuka ile hewa inarudi kuwa nzito na inasukuma ngoma ya sikio iingie ndani. Mtu mzima unameza mate unasikia "pwa" yameshazibuka. Mtoto kale kamrija kanakotoka kooni kwenda sikioni ni kembamba na kamelala, hakazibuki upesi, halafu hajui kumeza makusudi, anachojua ni kulia. Na kulia kwenyewe kunamsaidia, manake akilia anameza na mrija unafunguka. Kwa hiyo kaka zile dakika 20, 30 za mwisho ulizoteseka wewe, mwenzio alikuwa anajitibu.

Ukijua hilo mzazi ndo unajua la kufanya. Wengi tunampa mtoto chupa wakati ndege inapaa, anashiba analala, tunajisifu kimoyomoyo, kumbe kasheshe lenyewe liko wakati wa kushuka. Mi nilikosea hivyo hivyo wakati wa kwenda. Alipewa uji wote tukiwa bado hatujafika hata Dodoma, akalala, nikaona mimi ndo baba wa mwaka, ndege ilipoanza kuinamisha pua akaamka na mayowe na chupa haina kitu. Akinyonya kwa mama yake ni rahisi, anawekwa ziwani basi, lakini mimi baba ningempa nini? Niliokolewa na mama mmoja siti ya nyuma aliyenipa maji yenye mrija. Wakati wa kurudi Dar nilikuwa nishaerevuka, nikaweka akiba ya uji kwenye kikombe cha mrija, rubani alipotangaza tunaanza kushuka nikamwamsha kwa makusudi, ndio, nilimwamsha mtoto aliyelala, jirani akaniangalia kama chizi. Mtu aliyelala anameza mara chache. Na kutua Dar ni kazi kuliko kutua Mwanza, kule ni juu, mita 1,100 na ushee, hapa ni usawa wa bahari, kwa hiyo masikio yana safari ndefu zaidi ya kushuka. Alilia kidogo akanyamaza, akanywa, akalia kidogo. Kama ana mafua makali au sikio linauma mpeleke kwanza kwa daktari kabla ya kukata tiketi, usibahatishe.

Halafu kuna ushauri mmoja unatembea sana mtaani, eti mpe mtoto ile dawa ya mafua inayosinzisha, atalala mpaka mnafika. Hata mimi jirani yangu wa Tabata aliniletea mpaka mlangoni na kijiko juu. Daktari alinikatalia katakata, dawa sio ya kumlaza mtoto mzima wa afya, na wako watoto wakipewa hiyo badala ya kusinzia ndo wanachangamka kama wamekunywa soda tatu. Hebu piga picha hiyo futi 20,000 juu.

Sasa nije kwenye mambo ya begi, najua wapo wazazi watakaosoma hapa wanasafiri mwezi wa 12.

Vitu vya kuchezea usinunue kimoja kikubwa cha bei, beba vikorokoro. Mimi nilibeba pochi kuukuu ya mama Tumaini yenye zipu tatu na kadi zilizokwisha muda, kijiko cha mbao, vifuniko vya chupa vya rangi rangi (vile vikubwa asivyoweza kumeza), kitabu kimoja cha wanyama, na kila kimoja nilikifunga kwa gazeti, tena gazeti lako Mhariri, usikasirike, lile la michezo. Ufundi uko pale kwenye kufungua. Anachana kale kakaratasi pole pole, anatoa, anashangaa kijiko ambacho kila siku anakiona jikoni kwetu, dakika 10 zimekwenda. Kikichosha unarudisha mfukoni unatoa kingine. Ile meza ya mbele ya siti ndo mtihani, mtoto anaipenda kuifungua na kuifunga, paa, paa, paa, na kila paa aliye mbele anatikiswa mgongo. Hapo kaka nakupa haki yako kabisa, mzazi anayemwachia mtoto apige mateke siti ya mwenzie huku yeye yuko kwenye simu huyo hata mimi simtetei. Mkalishe mtoto mapajani akuangalie wewe, miguu ikose pa kupiga.

Katuni nazo weka kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, usitegemee intaneti ya huko juu, na ziwe na sauti ya chini au uzime kabisa, mtoto wa mwaka na nusu hata bila sauti anaangalia tu.

Siti. Watu wanagombania korido ili wapate kutoka na mtoto, na ni kweli inasaidia, lakini mtoto asikae yeye upande wa korido. Mkono wake unatoka nje na kigari cha chai kinapita. Kwenye safari yetu nyingine, ya Muscat, tulikuwa watatu na mama yake, shemeji yangu anaishi kule, karibu saa 5 na nusu angani. Abiria wa pembeni kapokea chai, kaiweka mezani, inatoa moshi. Tumaini akaona kikombe. Mnajua wale watoto wanavyonyoosha mkono bila hata kuangalia huku wanakuangalia wewe usoni? Nilikiona kile kidole kinaingia kwenye sikio la kikombe, nikaudaka mkono, chai ikamwagika nusu yote kwenye suruali yangu. Yangu, sio ya jirani, nashukuru Mungu. Tangu siku hiyo ni dirishani, na chai sinywi wala simwombei mtu anywe.

Kwenye hiyo ya Muscat tuliomba mapema zile siti za mbele kabisa zenye ukuta, tukijua kuna kitanda cha mtoto. Muhudumu akamwangalia Tumaini juu mpaka chini akatabasamu, "huyu mama keshakuwa mkubwa." Vile vitanda ni vya wachanga, mashirika mengi yanaishia kilo 10, 11 hivi, na ukishakaa pale mikono ya siti hainyanyuki kwa sababu meza imejificha humo ndani, na begi lako haliruhusiwi kukaa miguuni wakati wa kupaa na kutua, linapandishwa juu na pampasi zote zimo humo. Kwa mtoto anayetembea siti ya kawaida ni nzuri kuliko hiyo, unanyanyua mkono wa katikati analala kwenu wote wawili.

Kitu kingine watu wanagombana nacho bure ni pale muhudumu anapowahamisha. Tulikaa mstari mmoja na dada mwenye kichanga, tukaambiwa mmoja ahame, yule dada akaanza kusema tunabaguliwa. Hapana, ni zile barakoa za oksijeni. Kila upande wa mstari kuna za ziada lakini mara nyingi ni moja tu, kwa hiyo watoto wawili wa kupakata hawawezi kukaa upande mmoja. Uliza kwa upole utaelezwa. Na ule mkanda mdogo wa mtoto unaochomekwa kwenye wako, usiufungue kwa sababu eti anaulalamikia, ndege ikiyumba mikono ya mzazi haitoshi.

Kuhusu tiketi, mtoto aliye chini ya miaka 2 anapakatwa, na kwa safari za nje mara nyingi unalipa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akishatimiza miaka 2 anatakiwa siti yake. Lakini angalia tarehe ya kurudi! Kuna mama mwenzetu hapa mtaani alienda na mtoto wa mwaka mmoja na miezi 11, akakaa huko wiki sita, siku ya kurudi kaunta wanamwambia huyu keshatimiza, nunua siti, na siti ya siku hiyo hiyo unajua bei zake. Pasi ya kusafiria mtoto awe na yake mwenyewe. Kadi ya homa ya manjano kama mnakoenda inatakiwa, chanjo anachomwa kuanzia miezi 9 lakini kadi inahesabika baada ya siku 10, kwa hiyo usiende kuchoma juzi unasafiri leo. Na kama unasafiri peke yako na mtoto nchi za nje beba barua ya mwenzio ya ridhaa na cheti cha kuzaliwa, hata kama hamjaulizwa mara zote.

Ukaguzi. Ile sheria ya kutopita na chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100 watu wanaiogopa mpaka wanamwaga uji wa mtoto nje. Maziwa na chakula cha mtoto vinaruhusiwa kwa kiasi cha safari, usivifiche chini ya begi, vitoe uviweke pembeni useme hivi ni vya mtoto. Mimi niliambiwa nionje. Nikaonja, uji wa lishe umepoa una karanga na dagaa ndani, mkaguzi kaangalia sura yangu akaniambia pita tu baba.

Na hapa naomba niseme kuhusu mbeleko. Nina kigari cha kukunja, tulinunua mtumba Ilala, kizuri tu. Lakini viwanja vyetu vingi unatembea mwenyewe juani mpaka kwenye ndege, unapanda ngazi, kigari unakiacha chini wakipakie, na una begi, na mtoto anataka kukimbilia kwenye tairi la ndege. Mama yangu alinifundisha kumfunga mgongoni kwa kanga, mwanaume mzima, pale pale sebuleni, mara tatu nne mpaka nikajua. Uwanjani watu walinipiga picha. Kwenye mashine ya ukaguzi nikaambiwa nimfungue kisha nipite naye mikononi, nikafungua, nikapita, nikaanza kuhangaika kumfunga tena na foleni nyuma yangu, askari wa kike akasema "lete nikusaidie shemeji" akamfunga kwa sekunde 5. Lakini kupanda ngazi mikono yangu yote miwili ilikuwa huru, na yule kaka wa mbele yangu mwenye suti na kigari cha milioni alikuwa anatoka jasho. Na kanga hiyo hiyo ndio shuka ndani ya ndege, ndio pazia la kujifichia "kuku yuko wapi", ndio taulo.

Na ndio meza ya kubadilishia pampasi, ambalo ndo jambo lililonifanya niandike Mhariri, hayo mengine yote yamekuja njiani.

Uwanja siutaji. Dakika 40 kabla ya kupanda, Tumaini kamaliza shughuli zake, harufu inajitangaza. Naingia choo cha wanaume, hakuna meza. Pembeni ya sinki pamelowa. Natoka namuuliza dada wa usafi, ananiambia meza ipo, iko chooni kwa wanawake. Sasa mimi niingie kwa wanawake? Yeye aache kazi anibadilishie? Nikatandika kanga nyuma ya viti vya mwisho vya kusubiria, chini kabisa kwenye vigae, mtoto anajinyonganyonga, wipsi zinaburuzika, watu wanageuza shingo. Mzee mmoja wa kanzu akasimama akageuka mgongo akatanua mikono na kanzu yake ikawa kama pazia, hakusema neno, tulipomaliza akarudi kukaa. Shikamoo yake nilimpa baadaye kwenye ngazi.

Pampasi chafu nayo utaitupa wapi? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya rambo ya zamani haipo, na ile mbadala ya kitambaa inapitisha harufu yote. Natunza mifuko ya mkate. Mkate ukiisha nyumbani mfuko hautupwi, unaoshwa, unakunjwa, unaingia kwenye begi la Tumaini. Pampasi za kuvaa kama chupi ni nzuri kuliko za kubandika, manake chooni ndani ya ndege ndogo hakuna pa kumlaza, unambadilisha amesimama juu ya kifuniko anajishika shingoni kwako, na mbadilishe mara ya mwisho pale wanapoanza kuita abiria, sio saa nzima kabla.

Kwa hiyo wahusika wa viwanja vya ndege, na vituo vya mabasi pia msijifiche, meza moja ya kukunja ukutani kwenye choo cha wanaume haiwashindi. Kama mnaona wanaume watacheka wekeni chumba kimoja cha mzazi na mtoto, mlango wake, sinki lake, ndoo yake yenye kifuniko, aingie yeyote. Kina baba tunaosafiri na watoto peke yetu tupo, wake zetu wana kazi, wengine wagonjwa, wengine wametangulia mbele za haki, na mtoto hachagui nani yuko zamu.

Na wewe kaka uliyeandika, sina ugomvi na wewe. Mwezi wa 12 narudi Mwanza, mzee kapona anataka kumwona mjukuu, na Tumaini sasa kapita miaka 2 kwa hiyo atakuwa na siti yake, amelipiwa kama wewe. Ukiona mwanaume ana kanga ya bluu mgongoni njoo tusalimiane, nitakuwa na kijiko cha mbao cha ziada, kimefungwa kwenye gazeti, utampa wewe mwenyewe tukianza kushuka.

Ni mimi Baba Tumaini,
Tabata, Dar es Salaam.